Makao Makuu ya Sears

Katika maktaba ya chuo cha ualimu nilikosomea palikuwapo kitabu kimoja kinene kuliko kamusi, kilichoachwa na mwalimu wa Kimarekani aliyekwisha kurudi kwao. Sisi wanachuo tulikipenda kuliko vitabu vyote vya malezi. Hakikuwa na hadithi wala mashairi. Kilikuwa orodha ya bidhaa za kampuni iitwayo Sears, Roebuck: vitanda, misumeno, magauni, saa, viatu vya watoto, kila kitu na picha yake na bei yake. Usiku tulibishana nani angeagiza nini, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika dola mkononi.

Kwa sababu ya kitabu kile, tangu ujanani habari yoyote ya Sears nimeisoma kama mtu asomaye habari za jirani wa zamani. Na habari iliyonishughulisha zaidi ni ile ya namna majimbo na miji ilivyoigombea kampuni hiyo wakati afya yake ilipokwisha kuanza kuzorota.

Ilianza kwa kitu kidogo. Mwaka 1886 Richard Sears, msimamizi wa stesheni ndogo ya reli katika jimbo la Minnesota, alichukua saa ambazo mfanyabiashara mmoja alizikataa, akawauzia wasimamizi wenzake. Mwaka uliofuata alihamia Chicago. Biashara ya kuagiza kwa posta ikawafikia wakulima waliokaa mbali na maduka, na kampuni ikawa kubwa mno. Aliyeikuza hasa ni Julius Rosenwald, na huyu sisi walimu hatuna budi kumkumbuka kwa jambo jingine. Akishirikiana na Booker T. Washington, alitoa mali yake kusaidia ujenzi wa shule za watoto weusi kusini mwa Marekani. Hadi alipofariki mwaka 1932 shule hizo zilikaribia 5,000. Wazazi nao walichangia fedha, ardhi, mbao na nguvu zao, kama tulivyofanya sisi tulipofyatua matofali ya shule zetu. Naomba msomaji aliweke akiba jambo hili.

Mwaka 1973 kampuni ilikamilisha mnara wa ghorofa 110 mjini Chicago, mita 442 kwenda juu, mrefu kupita jengo lolote duniani wakati ule. Lakini wateja walikuwa wameanza kwenda kwingine. Mwaka 1988 Sears ilitangaza kwamba itauuza mnara wake na kuwahamisha maelfu ya wafanyakazi wa kitengo chake cha maduka. Hapo ndipo mnada ulipoanza. Miji ya mbali, kama Charlotte na Dallas, ilitajwa kuwa huenda ikapewa. Jimbo la Illinois halikukubali kunyang'anywa. Mwaka 1989 liliishawishi kampuni ibaki jimboni kwa kuihamishia Hoffman Estates, kitongoji kilicho kiasi cha kilomita 50 kutoka katikati ya Chicago. Thamani ya misaada na nafuu ilikisiwa kuwa dola milioni 178.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa mchezaji alitunzwa ili tu asiende kucheza kwa wenzake.

Sitaki kumcheka gavana wa wakati ule. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwahi kushuhudia vijiji viwili vikigombea shule ya sekondari. Kimoja kikitoa ekari, kingine kikaongeza ekari na matofali juu yake. Wazee waliojulikana kwa ubahili walitoa mashamba. Mtu akiogopa kwamba jirani atapata na yeye akose, hesabu humtoka kichwani. Ila wale wazee walikuwa wakigombea kitu ambacho kingezaa, na walichokitoa kilikuwa chao.

Namna malipo ya Sears yalivyopatikana inahitaji kuelezwa. Katika Illinois shule za umma hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo ya mahali zilipo. Ofisi mpya zikijengwa, thamani hupanda, kodi hupanda, na shule hupata zaidi. Kwa mpango wa Hoffman Estates, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo haikwenda shuleni. Ilielekezwa kugharimia ardhi, barabara na huduma za eneo lile lile la kampuni, kwa miaka zaidi ya 20. Kwa maneno mengine, mtoto aliyeanza darasa la kwanza mpango ulipoanza angemaliza masomo yote na kuwa mzazi kabla shule yake haijaonja kodi kamili ya yale majengo.

Wafanyakazi walianza kuhamia mwaka 1992. Januari 1993, hata rangi ya kuta haijachakaa, kampuni ilitangaza kupunguza kazi 50,000, kufunga maduka 113 na kuikomesha ile orodha kubwa ya bidhaa, kitabu chetu cha chuoni. Makao makuu mapya hayakuwa yamemleta mteja hata mmoja dukani.

Mwaka 2005 Sears iliunganishwa na Kmart, kampuni nyingine iliyokuwa imetoka kwenye ufilisi. Wagonjwa wawili walilazwa kitanda kimoja. Makao makuu yakawa Hoffman Estates, na mji wa Troy, Michigan, uliokuwa na ofisi za Kmart, ukabaki na majengo makubwa matupu.

Kisha ukaja mwaka 2011. Mpango wa kodi ulikuwa unakaribia kwisha, na Sears ikasema huenda ikahama. Jimbo la Ohio likaahidi hadi dola milioni 400 ikiwa itahamia Columbus. Mwaka huo huo wa hesabu kampuni ilipata hasara ya dola bilioni 3.1! Kila aliyetaka kuona aliona. Hata hivyo, mwezi Desemba Illinois ilipitisha sheria ya kuipa nafuu ya dola milioni 15 kila mwaka kwa miaka kumi, kwa sharti la kubakiza kazi 4,250, na mpango wa kodi ukaongezewa muda.

Waliopinga kwa sauti kubwa walikuwa watu wa Wilaya ya Shule namba 300, yenye wanafunzi wapatao 20,000. Walisema mpango ule unawanyima kama dola milioni 14 kwa mwaka. Wazazi, walimu na wanafunzi walisafiri hadi Springfield, makao ya bunge la jimbo, kudai fedha zao. Walipata mgawo ulio afadhali, si walichokitaka. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Rosenwald na shule zake karibu 5,000. Utajiri wa kampuni ile ile uliwahi kuwajengea watoto madarasa. Sasa watoto ndio waliokuwa wakiichangia kampuni.

Miaka saba baadaye, tarehe 15 Oktoba 2018, Sears iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Kazi zilikuwa zimepungua chini ya lile sharti, na wilaya ya shule na kitongoji wakafikishana mahakamani juu ya mpango wa kodi. Mwaka 2023 eneo la Hoffman Estates lilinunuliwa na kampuni ijengayo vituo vya kompyuta za kuhifadhi kumbukumbu, na ofisi zikabomolewa. Majengo ya Troy yalianza kuvunjwa karibu wakati huo huo. Mnara wa Chicago ungali umesimama, lakini tangu 2009 unaitwa kwa jina la kampuni nyingine.

Kile kitabu cha chuoni nilikiulizia nilipopita pale muda mfupi kabla ya kustaafu. Mkutubi, kijana mwungwana, alinipeleka hadi rafu ya mwisho, akaniomba radhi. Mchwa walikuwa wameanzia kurasa za samani.