Si Tetemeko Linaua, Ni Keja: Vile Ardhi Ikitingika Huangusha Mjengo

Cheki hii. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la kipimo cha 8 lilipiga pwani ya Mexico. Kutoka hapo hadi Mexico City ni zaidi ya kilomita 350, ni kama Nairobi hadi Kisumu kwa barabara. Bado, maelfu ya watu walikufa jijini. Aje sasa?

Sehemu kubwa ya huo mji imekaa juu ya ziwa lililokauka. Mawimbi ya tetemeko yakiingia kwa udongo laini hupunguza mbio lakini huongeza nguvu. Ardhi ikaanza kuyumba, mara moja kila sekunde 2 hivi. Shida ni kwamba majengo ya ghorofa kama 6 hadi 15 huyumba karibu na mdundo huo huo. Fikiria mtoto kwa bembea: ukimsukuma kila akirudi, anapaa zaidi. Hayo ndiyo yalianguka sana. Torre Latinoamericana, yenye ghorofa 44, ilibaki imesimama. So urefu peke yake si noma.

Kuna udongo mwingine mbaya zaidi: mchanga uliojaa maji. Ukitikiswa unageuka uji, nyumba inazama ama inalala upande. Uturuki, Februari 2023, ardhi ya ufuo wa İskenderun ilishuka na bahari ikaingia hadi barabarani.

Halafu kuna makosa yetu wenyewe. Ploti nyingi chini ni maduka na paking, juu ni keja. Graundi haina kuta, ni nguzo tu zinabeba kila kitu. Zikitingishwa na vyuma ndani ni vichache, zinavunjika, na slabu zinaangukiana kama chapo kwa sahani. Katikati ya slabu hakuna nafasi ya mtu. (Landilodi wangu, kama unasoma, ndiyo, naongelea hiyo paking.)

Na usidhani ni story ya majuu. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la 6.9 lilipiga Subukia, hapa Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2. Enzi hizo huko hakukuwa na ghorofa za kuanguka. Nakuru, hapo jirani, ilipewa hadhi ya jiji 2021, na mjengo bado unaendelea.