NGUZO ZA MAKABURI NA MAJINA YA WAFU WETU

Katika toleo hili la kuwakumbuka wenzetu waliokufa vitani, tumeona vema tueleze jinsi watu wa kwetu Sudan Kusini walivyowaenzi mashujaa wao zamani, kabla Juba haijawa na sanamu.

Pande za Tonj na Wau wanaishi Wabongo. Mwindaji hodari au mpiganaji alipofariki, jamaa zake walitafuta mti mgumu, mara nyingi mkangazi, wakachonga sura ya mtu na kuisimamisha kaburini. Kazi hiyo haikufanywa siku ya mazishi. Ilingoja mpaka jamaa wapate chakula na pombe ya kutosha kwa karamu. Nguzo nyingine zilikatwa chale, kuhesabu wanyama wakubwa au maadui ambao marehemu aliwaua.

Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyesafiri huko kati ya 1868 na 1871, aliliona kaburi la mzee Yanga likiwa na safu ya sanamu: mzee mwenyewe, wake zake na watoto wake. Siku hizo Wabongo walikuwa wakimalizwa na wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Khartoum. Baada ya mapatano ya Addis Ababa ya 1972, nguzo kadhaa ziling'olewa makaburini zikauzwa Ulaya na Marekani. Leo zimo katika majumba ya makumbusho, na wengi wanaozitazama hawajui ni nani aliyezikwa chini yake. Mti umefika mbali. Jina limepotea njiani.

Juba nako kuna kaburi linalojulikana na wote. Dkt. John Garang alifariki tarehe 30 Julai 2005, miezi michache baada ya mapatano ya amani ya Januari. Mbele ya kaburi lake ndipo uhuru ulipotangazwa tarehe 9 Julai 2011, na sanamu yake ikafunuliwa siku hiyo hiyo. Heshima hiyo ni haki yake. Lakini waliokufa katika vita vilivyoanza 1955, vilivyoanza 1983, na vile vilivyoanza Juba kwenyewe Desemba 2013, wengi wao hawana hata jiwe.

Je, tufuate nini katika desturi ya Wabongo? Chale za kuhesabu maadui tuziache. Hapa kambini watoto wa pande zote huchota maji katika bomba moja, na hesabu ya namna hiyo itawarudisha vitani. Wala tusikate miti mikubwa ya ndugu zetu Waturkana, ambao ndio wenyeji wetu hapa Kakuma tangu 1992. Kuni peke yake zimekwisha kuleta ugomvi wa kutosha. Tufuate lile lililo bora: kila marehemu awe na alama yake mwenyewe, na jamaa wakutane kwa ajili yake, hata kama miaka imepita.

Kwa hiyo Kamati inaomba kila bloki ianze daftari. Liandikwe jina la marehemu, kijiji chake na mwaka aliofariki. Kabila lisiandikwe, wala aliyemwua asitajwe. Wazee watangulie, kwa kuwa wao ndio wanaoyakumbuka majina ya zamani. Tukirudi nyumbani, mafundi watapata miti ya kuchonga. Majina yakishasahauliwa, hakuna fundi atakayeyachonga.