Magari ya kale ya mbio (Afrika Mashariki)

Magari ya kale ya mbio ni magari ya michezo na ya mashindano, hasa yaliyoundwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, ambayo bei yake hupanda kadiri yanavyozeeka. Afrika Mashariki ina jina kubwa katika soko hili kwa sababu ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Sifa iliyotokana na Safari

Safari ilikimbiwa kwenye vumbi, tope na makorongo, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa watumiaji wengine. Milima ya Usambara, jirani ya Korogwe nchini Tanzania, iliogopwa kwa utelezi wake msimu wa mvua. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7 tu. Gari lililofika mwisho lilijipatia heshima ambayo hakuna tangazo la kiwanda lingeweza kuileta.

Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Bert Shankland, dereva mahiri aliyeishi Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, msomaji wake wa ramani akiwa Chris Rothwell. Datsun 240Z, yenye injini ya silinda sita ya lita 2.4, ilishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann. Ilishinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyelingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Gari la 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari ya zamani ingawa ilishika nafasi ya pili zaidi ya mara moja. Hilo halikuipunguzia wapenzi.

Bei

Datsun 240Z mpya iliuzwa Marekani kwa takriban dola 3,500 mwaka 1970. Januari 2020, moja ya toleo hilo la mwanzo iliuzwa kwa dola 310,000 katika mnada wa mtandaoni. Ferrari 250 GTO ya 1962 ilifika dola milioni 48.4 mwaka 2018, na Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya 1955 ikauzwa euro milioni 135, rekodi ya kustaajabisha.

Sababu ni uchache wa magari yaliyosalia, minada ya mtandaoni, na watu waliokuwa vijana enzi hizo ambao sasa wana fedha. Historia iliyoandikwa huongeza bei zaidi kuliko rangi mpya. Mnunuzi makini wa 240Z hufungua boneti, akatazama kutu chini ya betri, akasoma namba iliyogongwa kwenye ukuta wa injini na kuilinganisha na ile ya kibati. Zisipolingana, bei huporomoka papo hapo.

Korogwe

Ingawa Safari ilipita jirani, Kilole, kata ya mji wa Korogwe, haina mnada wa magari haya. Gari lililokufa huko huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaolipa kwa kilo.

Hali ya sasa

Tangu 2003 hufanyika East African Safari Classic Rally, ya magari ya zamani. Björn Waldegård wa Sweden alishinda 2011 na Stig Blomqvist, Msweden mwenzake, 2015, wote kwa Porsche 911 zilizoandaliwa Uingereza. Magari mengi huletwa kwa meli hadi Mombasa, yakakimbia siku chache, kisha yakarudishwa ng'ambo, ambako huuzwa kwa sifa ya kuwa yamekimbia Afrika. Kwa mnunuzi wa hapa njia ni finyu: Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu.