Algoriti ya Karplus-Strong

Algoriti ya Karplus-Strong ni mbinu ya kuunda kwa kompyuta wimbi la sauti linalofanana na la uzi wa gitaa uliocharazwa, kwa kutumia kichujio dijitali ambacho matokeo yake hurudishwa ndani yake. Imepewa majina ya Kevin Karplus na Alex Strong wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walioichapisha mwaka 1983 katika jarida la Computer Music Journal.

Historia

Strong ndiye aliyeibuni. Karplus alikuwa wa kwanza kuichambua kihisabati. Kompyuta ndogo za wakati huo zilichelewa mno kuzidisha namba. Mbinu hii haizidishi kabisa: hujumlisha na kugawanya kwa mbili, basi.

Utendaji

Foleni ya namba, tuseme 100, hujazwa namba za kubahatisha, yaani kelele tupu. Kila namba inayofika mbele hupelekwa kwenye spika, na wastani wake na namba iliyotoka kabla yake hurudishwa mkiani. Ikitoka 0.8 baada ya -0.4, inayorudi ni 0.2. Foleni inavyozidi kuzunguka, mpangilio unaojirudia husikika kama noti. Kwa kuwa wastani hulainisha mipando ya ghafla, masafa ya juu hufifia upesi na ya chini hudumu, kama ilivyo kwa uzi halisi.

Masafa ya noti hupatikana kwa kugawanya idadi ya sampuli, yaani namba zinazopelekwa kwenye spika, kwa sekunde kwa urefu wa foleni ulioongezwa nusu. Kwa sampuli 44,100, foleni ya 100 hutoa hezi 438.8 na ya 99 hutoa hezi 443.2. Noti ya hezi 440, wanayotumia wanamuziki kulinganisha ala, huangukia katikati na haipatikani.

Marekebisho

Kasoro hiyo iliondolewa na David Jaffe na Julius Smith katika toleo lilelile la jarida. Waliongeza kichujio kinachopitisha masafa yote bila kuyapunguza nguvu, ila hulichelewesha wimbi kwa sehemu ya sampuli.

Sauti ya ngoma

Alama ya kila wastani, chanya au hasi, ikigeuzwa kwa bahati nasibu ya nusu kwa nusu, noti hupotea na kusikika ngoma.

Matumizi

Smith aliikuza dhana hii hadi kuunda miundo ya ala nyingine, na mwaka 1994 kampuni ya Yamaha ilitoa kinanda cha VL1 kilichotumia teknolojia ya aina hiyo. Algoriti yenyewe hufundishwa vyuoni kama zoezi. Programu yake huandikwa kwa mistari michache tu.