Bunungwe, na jina la bilulu katika Katanga

Mara nyingi, watu wakizungumza mambo ya politiki hapa Lubumbashi, mmoja anatupa neno baya juu ya kabila la mwenzake. Akiulizwa, anajibu: "Aa, minacheka tu! Wazee wetu hawakuwa na mizaha?" Ndiyo, walikuwa nayo. Lakini tuangalie ilikuwa mizaha ya namna gani.

Kwa Babemba na majirani yao, upande huu wa mpaka na upande wa Zambia, jambo hilo linaitwa bunungwe. Linafunga koo mbili pamoja. Bena Ng'andu, ni kusema watu wa Mamba, ni banungwe wa Bena Isabi, watu wa Samaki, juu mamba anakula samaki. Watu wa Chui na watu wa Mbuzi vilevile. Mnungwe anaweza kukutukana mbele ya watu, hata kwenye kilio, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ila yeye anayekucheka kwenye kilio ndiye mwenye kazi ya kuzika maiti wako. Kesho kilio kikiwa kwake, ni zamu yako, ya kucheka na ya kuzika.

Mzaha huo uliingia hata migodini. Mwaka 1951, kule Luanshya, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliona vijana Babisa wakicheza kalela: nguo safi za kizungu, nyimbo za kujisifu na za kucheka makabila mengine. Hao waliochekwa walisimama palepale wakisikiliza, na wao wakicheka.

Bilulu ni kitu kingine. Kila mtu wa Katanga anajua kilulu ni mdudu. Kuanzia miaka ya 1920, Union Minière na kampuni ya reli zilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, Ilebo ya leo, na safari ikawa nyepesi. Mabwana wakasifu Baluba wa Kasai kuwa ndio wenye akili na bidii, wenyeji wakaitwa wavivu. (Sifa hiyo pia ilikuwa sumu, tusisahau.) Uchaguzi wa Desemba 1957 uliwapa watu waliotoka nje ya Katanga sehemu kubwa ya umeya mjini Élisabethville. Mwaka uliofuata chama cha CONAKAT kikazaliwa.

Donda hilo lilikuwa bado bichi wakati Mkutano Mkuu wa Taifa ulipomchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, Agosti 1992, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama chao, UFERI, wakasema wazi: bilulu watoke. Watu walisikia hotuba, wengine walicheka, kweli. Mdudu anachekesha. Lakini mdudu nyumbani hapewi jibu, anafagiliwa. Na hapo hakukuwa na mnungwe wa kurudisha tusi, wala wa kuzika.

Likasi ilianza mwaka uleule, Kolwezi ikafuata Machi 1993. Nyumba zilichomwa na kunyang'anywa. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni wakingoja treni, wiki kwa wiki, miezi kwa miezi, na wengi, zaidi watoto, walikufa na njaa na magonjwa kabla ya kufika Mwene-Ditu. Wengi wao walizaliwa Katanga, Kasai hawajaiona hata siku moja. Lugha yao ya kila siku ilikuwa Kiswahili hiki chetu.

Na mtoto wa baba Mkasai na mama Msanga, yeye tungemwita nani? Kilulu nusu? Kuna nyumba zilizokatika hapo: baba akapanda treni, mama akabaki kwao. Nyingine zilirudiana miaka ya nyuma yake. Nyingine hapana.