MAZINGIRA: Namna ya kutathmini mipango ya tahadhari ya mapema mashinani

Mwaka wa 2010 ulipokuwa ukielekea ukingoni, wataalamu wa usalama wa chakula katika Upembe wa Afrika walikuwa wamekwisha kuonya kwamba mvua ya vuli ingepungua na wafugaji wangeumia. Serikali ya Kenya ilitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa mnamo Mei 30, 2011. Mchango wa Wakenya kwa Wakenya ulianza Julai, mwezi ule ule ambapo Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Onyo lilikuwapo miezi mingi kabla. Hatua ndizo zilizochelewa.

Kisa hicho yafaa kiwe mbele ya macho ya kila anayepewa jukumu la kutathmini mpango wa kijamii wa tahadhari ya mapema kuhusu mafuriko na ukame. Ripoti nyingi za tathmini huhesabu mikutano iliyofanyika, wanakamati waliopewa mafunzo na redio zilizogawanywa. Hesabu hizo ni rahisi kupata, na wafadhili huzipenda. Hata hivyo, hazituelezi iwapo mkazi wa Budalang'i aliwahamisha watoto na mbuzi wake kabla ya maji kufika mlangoni.

Tangu kongamano la kimataifa lililofanyika Bonn, Ujerumani, mwaka wa 2006, mipango ya aina hii hutazamwa katika sehemu nne: kuijua hatari yenyewe, kuifuatilia na kuitabiri, kufikisha onyo kwa wahusika, na uwezo wao wa kuchukua hatua. Sehemu hizo hutegemeana. Kwa hivyo mpango uliofaulu katika sehemu tatu na kupata sufuri katika ya nne haujapata asilimia 75. Umeanguka.

Tuanze na ukame, ambao huja polepole na kuacha nafasi ya kupimwa. Kenya ina tajriba ndefu katika jambo hili, kwani mfumo wa kwanza wa aina yake ulianzishwa Turkana katika miaka ya themanini. Leo Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na zilizo nusu kame. Wakusanyaji wa takwimu walio vijijini hurekodi umbali wa kufikia maji, kiasi cha maziwa yanayokamuliwa, bei ya mifugo na mzunguko wa mkono wa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Picha za setilaiti huonyesha hali ya malisho. Kutokana na hayo, kaunti huwekwa katika awamu ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura.

Miongoni mwa vigezo hivyo, kile ambacho mtathmini asikipuuze ni bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi. Katika awamu ya tahadhari, mbuzi bado ana nyama na mnunuzi bado yuko sokoni. Mfugaji akiuza wachache wakati huo hupata unga wa kutosha na huwapunguzia waliobaki ushindani wa malisho. Akingoja hadi dharura, kila jirani atakuwa anauza, wanyama wamekonda, na mahindi yamepanda bei. Mbuzi yule yule humpa kilo chache za nafaka, ikiwa atapata wa kumnunua. Swali la tathmini basi ni hili: taarifa ilipotangaza tahadhari, mbuzi alikuwa angali na bei? Na je, mfugaji aliipata taarifa hiyo, au ilibaki katika ofisi za makao makuu ya kaunti?

Upande wa fedha una funzo pia. Mpango wa kutoa pesa kwa familia maskini katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera uliboreshwa, na kuanzia 2015 malipo yaliweza kuongezewa familia zaidi pindi hali ya malisho ilipoteremka chini ya kiwango kilichokubaliwa awali. Hapakuwa na haja ya kungoja kamera za televisheni zipige picha za mizoga. Penye kiwango kama hicho, tathmini huwa nyepesi: zihesabiwe siku kati ya kipimo kuvukwa na pesa kufika mkononi.

Mafuriko ni suala jingine. Maji yanayozamisha Budalang'i hutoka katika milima ya Cherang'ani na Elgon, nayo huteremka kupitia Mto Nzoia hadi Ziwa Victoria. Anga ya Budalang'i yaweza kuwa wazi huku mafuriko yakiwa njiani. Ndiyo maana msomaji wa kipimo cha mto aliye juu, mwenye simu iliyo na chaji, ana thamani kubwa kwa walio chini. Redio ya kijamii ya Bulala iliwekwa huko ili wenyeji wapate habari za hali ya hewa kwa lugha yao. Lakini muda wa kuhama ni mfupi, na mtathmini hana budi kuuliza ni nani aliyesikia usiku, mzee au mlemavu alibebwa na nani, na mahali pa kukimbilia palikuwa na choo na maji.

Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalifagia makazi karibu na Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 40. Utabiri wa mvua kubwa nchini ulikuwa umetolewa kwa wiki kadhaa. Wizara ya Maji ilieleza baadaye kwamba maji yalikuwa yamezuiliwa na takataka kwenye handaki chini ya reli, kisha yakafumuka. Utabiri wa nchi nzima hauwezi kuona handaki moja lililoziba; mwanakijiji aweza, iwapo yupo wa kumpigia simu.

Suala la imani halina kipimo rahisi. Mwaka wa 2015 Wakenya waliandaliwa kwa El Niño, na mvua haikufikia kiwango kilichohofiwa. Oktoba 2023 Rais William Ruto alisema El Niño iliyotabiriwa haingetokea, na Novemba mafuriko yakakumba sehemu nyingi za nchi. Mtathmini makini huorodhesha maonyo yote, yaliyotimia na yasiyotimia, kisha huwauliza wanavijiji watafanya nini watakaposikia linalofuata. Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, wanasayansi wa hali ya hewa waliketi na wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaosifika kwa kubashiri mvua, wakatoa utabiri wa pamoja wa msimu. Wakazi waliupokea kutoka kwa watu waliowajua.

Tathmini nyingi hufanywa mradi unapofungwa, magari yakiwa bado yana mafuta. Ingefaa mtathmini arejee miaka miwili baadaye, aangalie kama kipimo cha mto kingali kimesimama na kama anayekisoma bado analipwa.