Kutoa sauti

Kwenye vibanda vya simu vya Usa River, kando ya barabara ya Arusha–Moshi, mteja akisema "nitolee sauti kwenye hii video ya kwaya", fundi inabidi aulize: video ibaki bubu, au unataka wimbo peke yake uuweke kwenye flashi? Kitenzi kimoja, kazi mbili zinazopingana. Kwa kazi hiyo ya pili napendekeza kuchopoa. Faili la MP4 hubeba picha na sauti katika mikondo miwili, hivyo sauti huchopolewa na picha isiguswe. Ndiyo maana video ya HEVC, mfumo wa kubana video ambao iPhone zilianza kurekodi nao mwaka 2017, ikigoma kuonyesha picha kwenye kompyuta ya zamani, mara nyingi sauti husikika vizuri tu. Faili ni zima, usilifute.